Unataka kuajiri vijana wa mtaani kwako Arusha? Piga hesabu hizi kwanza

Wateja wangu wengi wana karakana na viwanda vidogo upande wa Unga Limited na Themi. Swali wanaloniuliza mara nyingi ni hili: "Nikichukua vijana wa hapa hapa mtaani, TRA watanipunguzia nini?"

Sheria yetu haiulizi mfanyakazi wako anaishi Ngarenaro au Njiro. Marekani waliliuliza swali hilo. Kwa sheria ya 1993 walitenga maeneo ya watu wa kipato cha chini, yakiwemo ya Chicago na Detroit. Mwajiri aliyemwajiri mtu anayeishi na kufanya kazi ndani ya eneo hilo aliruhusiwa kupunguza kwenye kodi yake asilimia 20 ya dola 15,000 za kwanza za mshahara wa mwaka, yaani hadi dola 3,000 kwa kila mtu. Natamani sana kuona jambo kama hilo Sombetini. Kwa sasa unafuu wetu umejificha ndani ya hesabu za mishahara, na anayeupata ni aliyejipanga mapema.

Hatua ya 1: Jua unatozwa kodi kwa njia gani. Kama ni mfanyabiashara binafsi, mauzo yako ya mwaka hayazidi Sh milioni 100 na unalipa kodi ya makadirio, kodi inafuata mauzo. Uajiri mmoja au watano, haishuki. Kampuni inalipa asilimia 30 ya faida, kwa hiyo kila mshahara halali unapunguza faida inayotozwa.

Hatua ya 2: Pigia hesabu mtu mmoja. Chukua mshahara wa Sh 300,000, bila posho. Unamkata asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, Sh 30,000. Zinabaki 270,000, na hapo ndipo kiwango kisichotozwa PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, kinapoishia. Kijana anaondoka na 270,000 yake kamili. Wewe unaongeza NSSF ya upande wako, 30,000, na mchango wa asilimia 0.5 wa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, Sh 1,500. Jumla ni 331,500. Kampuni yenye faida itapunguza kodi yake kwa 99,450, hivyo mzigo halisi unakuwa 232,050. Ukimlipa mkononi bila kumwandika popote, huna cha kuonyesha kwenye mahesabu, na yeye hana akiba NSSF wala fidia akikatwa kidole na msumeno.

Hatua ya 3: Hesabu vichwa kabla ya kumchukua mtu wa kumi. Hapa ndipo watu wanapoumia. SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. Kabla ya 2021 ilianzia wanne. Mwaka 2023 kiwango kilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Ila ukifikisha kumi, tozo inapigwa kwenye mishahara ya wote, si ya huyo wa kumi peke yake. Vibarua nao wanahesabiwa.

Mteja wangu mmoja, seremala, alikuwa na watu tisa. Msimu wa oda za milango akamwongeza kijana wa jirani kupiga msasa, akiamini kibarua hahesabiki. Barua ya madai ilipofika akataka kumwachisha, wakati kijana ameshajua kuendesha mashine ya randa. Tukakaa na kalamu. Watu kumi wa 300,000 ni milioni 3, SDL yake Sh 105,000 kwa mwezi. Maana yake mtu wa kumi anakugharimu 436,500. Lakini wa kumi na moja anaongeza SDL ya 10,500 tu, jumla 342,000. Alikuwa anakataa oda kwa kukosa mikono, kwa hiyo alimbakiza yule kijana na kumchukua mwingine. Ushauri wangu haujabadilika: kama kazi ipo, usivuke na mmoja, vuka na wawili. Na fedha hiyo haipotei, sehemu yake inaendesha vyuo vya VETA, ambako unaweza kumpata fundi wako ajaye.

Kwa wenye mashamba ya kahawa kule Moshi, wanaolima moja kwa moja shambani hawaingii kwenye SDL. Karani na meneja wanaingia.

Hatua ya 4: Kusanya karatasi siku ya kwanza. Namba ya NIDA, TIN (namba ya mlipakodi), barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, na mkataba wa maandishi uliosainiwa na wote wawili. Vijana wengi wa mitaa hii hawana TIN, na wengine wanaona aibu kusema. Usimrudishe nyumbani kwa sababu hiyo. Kaa naye, msaidie kuiomba, haina malipo.

Hatua ya 5: Lipa na utunze. PAYE na SDL zilipwe ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Mishahara ipitie benki au simu ili ibaki alama. Orodha za mishahara, stakabadhi za NSSF na WCF na mikataba viweke kwenye faili moja kwa miaka mitano isiyopungua, maana mkaguzi akija hivyo ndivyo atakavyoviomba mwanzo.