Uunde baiskeli ya spea moja moja au uifufue uliyonayo?

Hapa Tanga swali hili haliishi. Kijana kaona baiskeli ya mwenzie Raskazone, nyeusi tii, usukani mfupi, rimu zinang'aa, basi na yeye anataka kuunda ya kwake kuanzia fremu tupu, na huku nyumbani kuna Phoenix ya babu imeegemezwa ukutani inaota kutu. Mi jibu langu ni moja, angalia fremu. Fremu nzima, fufua. Fremu ikiwa imekwisha ndo tuongelee kuunda, maana vingine vyote vinabadilishika ila ukibadili fremu ushabadili baiskeli.

Na hela usijidanganye aisee. Ukinunua spea moja moja, habu (kitovu cha gurudumu) leo, rimu mwisho wa mwezi, krenki (mikono inayoshika pedeli) ukipata, kila kimoja kina faida ya mwenye duka juu yake, ukijumlisha unakuta ungenunua baiskeli nzima na chenji ukabaki nayo. Na kinachomaliza mfuko sio vile vikubwa, ni vidude: gololi, koni, pini za krenki, kebo, spoku. Kaa na karatasi uandike vyote hivyo kabla hujatoka kwenda dukani.

Kupima fremu hakuhitaji mashine. Toa gurudumu la nyuma, chukua uzi mwembamba usiovutika, hata wa mshipi wa kuvulia ukiwa mgumu unafaa. Funga kwenye mdomo wa fremu pale inapokaa ekseli upande wa kulia, upeleke mbele uzungushe bomba la usukani, urudi nao kushoto uufunge kwenye mdomo wa pili, ukaze mpaka ulie. Halafu chukua rula pima kutoka kwenye uzi mpaka bomba la siti, kulia, kisha kushoto. Namba zikilingana fremu imenyooka. Zikipishana milimita mbili tatu na fremu ni ya chuma fundi anayejua anaivuta inarudi, ila ya aluminiamu usimruhusu mtu aikunje, itapasuka. Ukimaliza hapo igeuze kichwa chini uchungulie maungio ya krenki, maana maji yakiingia kwa juu yanakwenda kutuama pale, na huu upepo wetu wa chumvi unamalizia kazi. Ukiona rangi imepasuka kamstari kembamba na kutu inachuruzika hapo, hiyo fremu mwachie muuza vyuma chakavu.

Haya, fremu imefaulu. Watu wengi wanakimbilia rangi na siti, mi nasema anza na magurudumu na breki. Hizi baiskeli za kizamani zina rimu za chuma na breki za fimbo, siku ya mvua unabana unapita tu mpaka mbele ya bajaji. Rimu ya aluminiamu inashika vizuri zaidi ikilowa, lakini hapo ndo penye mtego. Breki ya fimbo inabana rimu kwa ndani, na ile rimu ya aluminiamu ya kawaida inataka breki ya kubana ubavuni, kwahiyo ukibadili rimu ujue na breki unabadili, na lever (mkono wa breki), na kebo. Mtego wa pili ni matundu. Baiskeli nyingi za mtindo wa Kiingereza zina spoku 32 mbele na 40 nyuma, na rimu nyingi utakazookota kwenye mitumba ya Japani zina matundu 36, haziingiliani na habu yako hata ufanyeje. Hesabu matundu palepale kabla hujatoa hela.

Wa tatu ni saizi, na huu unawaliza wengi. Ukisikia "inchi 26" usiamini, soma namba ndogo ubavuni mwa tairi. Ya mauntini (baiskeli ya milimani) inaishia 559, ya Kijapani ya mjini inaishia 590, zote zinaitwa 26 na tairi la hii halikai kwenye rimu ya ile. 28 ya Phoenix inaishia 635. Hizo namba tatu za mwisho ndo kipenyo chenyewe kwa milimita, zikifanana tairi linakaa, zisipofanana usibishane na muuzaji, ondoka.

Cheni ipime kwa rula, weka sifuri katikati ya pini moja, inchi 12 iangukie katikati ya pini nyingine. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi badilisha cheni, ikifika 1/8 jua na friwili (gia ya nyuma) imeshaliwa meno, weka vyote vipya pamoja la sivyo itaruka ukisimama kukanyaga.

Ukiamua kuunda kabisa, krenki ndo itakutoa jasho. Kikombe cha kulia, kile kinachoshika gololi za krenki, kwenye fremu nyingi za mtindo wa Kiingereza kina nyuzi (mikato ya skrubu) za kinyume, kinafunguka kwa kuzungusha kama mshale wa saa, na pedeli ya kushoto vilevile. Wanaovunja spana ni wasiolijua hilo. Na fremu za zamani za Raleigh zina nyuzi 26 kwa inchi wakati vikombe vya kawaida ni 24, ukilazimisha unaua fremu, kwahiyo ukipata fremu hiyo ichukue na vikombe vyake. Gia usijichoshe, kwa kuzunguka Ngamiani na Chumbageni meno 44 mbele na 18 nyuma yanatosha kabisa, mji tambarare huu. Unabeba mzigo, weka 20 au 22 nyuma. Anayetaka kupanda Amani kule milimani huyo atafute gia za kubadilisha, na hapo fremu ya mtumba ya mauntini ina faida kuliko ya babu.

Kila nyuzi unayofunga ipake grisi, kila moja, na lile bomba la siti linaloingia ndani ya fremu pia, ukiliacha kavu kwa chumvi hii mwakani utalikata kwa msumeno. Ukitoka ufukweni imwagie maji baridi yasiyo na chumvi, ifute, tia oili cheni.

Na fremu ya kununua mkononi kwa mtu, igeuze usome namba iliyogongwa, mara nyingi iko chini ya krenki. Ikiwa imesagwa kwa tupa usiiguse hata kwa bei ya chai. Ikiwa ipo, andikishianeni kwa mjumbe, namba, jina la aliyekuuzia na sahihi yake, karatasi ibaki kwako.