Mfupa wa taya ukichukuliwa kwa ajili ya jino: namna ya kujihami

Mimi ni muuguzi wa meno hapa Mjini, Unguja. Wengi wanaonijia kusafishwa vidonda walipasuliwa ng'ambo, Dar es Salaam au mbali zaidi, wakarudi na karatasi ya dawa na maelezo mafupi. Huniuliza sana habari za pale jino la kupandikiza litakapokaa. Pale mfupa ulipochotwa hawapaulizi, na huko ndiko kwenye uvimbe, damu na ganzi ninazohangaika nazo zaidi.

Jino likishang'olewa, mfupa uliolishika huanza kuliwa. Ndani ya mwaka mmoja upana wake hupungua kiasi cha nusu, na sehemu kubwa hupotea katika miezi 3 ya mwanzo. Aliyekaa na pengo kwa miaka hana tena pa kukazia skrubu ya titani inayobeba jino la kupandikiza, kwa hivyo daktari huongeza mfupa. Unaweza kuwa wa ng'ombe uliosafishwa, wa maiti ya binadamu aliyejitolea, wa kutengenezwa kiwandani, au wako mwenyewe. Upo pia wa nguruwe, na ile ngozi nyembamba ya kufunikia mfupa mara nyingi hutokana na nguruwe. Uliza waziwazi, na uulize yote mawili, mfupa na ngozi. Daktari ana pakiti yenye maelezo na si aibu kuomba usomewe. Wengi huchagua mfupa wao kwa sababu hiyo. Ni chaguo zuri, lakini ujue kwamba sasa utakuwa na vidonda viwili.

Kabla ya siku yenyewe

Muulize daktari: mfupa utautoa wapi? Kuna sehemu tatu kinywani, na kila moja ina shari yake.

Kidevuni hupatikana mfupa mgumu mzuri, lakini chini ya meno ya mbele umepita mshipa mwembamba wa fahamu. Ukiguswa, meno ya mbele ya chini hubaki kama si yako. Wagonjwa huniambia wanahisi wanang'ata mbao. Madaktari waangalifu huacha milimita 5 chini ya ncha za mizizi, milimita 5 kutoka ukingo wa chini wa taya, na milimita 5 kutoka kwenye tundu linakotokea mshipa wa mdomo, kila upande. Muombe akuoneshe vipimo hivyo kwenye picha yako. Atakayekereka kwa swali hilo, mimi nisingemkabidhi taya langu.

Pembe ya taya, nyuma ya gego la mwisho, kwa kawaida hailetei ganzi nyingi kama kidevu, na mimi nikiulizwa huisifu zaidi. Hata hivyo mshipa mkubwa wa fahamu wa taya la chini unapita humo humo, na wa ulimi uko jirani. Hapa picha ya kompyuta inayoonesha taya kwa pande zote ina faida kubwa kuliko iksirei ya kawaida. Taya pia hukaza, hata kijiko kikawa shida kuingia, kwa wiki moja au mbili. Kuvunjika taya ni nadra, ila hutokea.

Nyuma ya magego ya juu mfupa ni laini na mchache. Hatari yake ni kutoboka kwenye ule uwazi ulioungana na pua.

Taja dawa zako zote. Unayemeza ya kuyeyusha damu usiache kwa uamuzi wako. Daktari aliyekuandikia na wa meno wazungumze. Aliyewahi kupewa dawa za kuimarisha mifupa, kama alendronati au sindano ya asidi ya zoledroni, aseme hata kama ni miaka imepita, kwani dawa hizo hukaa ndani ya mfupa na kidonda cha taya kinaweza kukataa kupona. Aliyechomwa mionzi ya saratani shingoni au usoni vivyo hivyo. Mwenye kisukari apime ile ya wastani wa sukari ya miezi 3 (HbA1c), isiwe ya asubuhi peke yake. Sigara, ugoro na tambuu ya tumbaku viachwe wiki kadhaa kabla na baada.

Na kama Ramadhani iko karibu, subirini ipite. Dawa ya kila saa 8 haiendi na saumu, na ibuprofeni kwenye tumbo tupu huchoma.

Siku za mwanzo

Ng'ata shashi dakika 30 bila ya kuichungulia. Barafu iliyofungwa kitambaani iweke nje ya shavu dakika 20, upumzike 20, kwa siku mbili za mwanzo. Uvimbe hufika kilele siku ya 2 au ya 3, kwa hivyo usishituke ukiamka kesho yake uso umezidi. Lalia mito miwili. Kidevu kikibandikwa plasta ya kukibana, iache mpaka siku uliyoambiwa, maana ndiyo inayozuia damu kujikusanya na nyama ya kidevu kuteremka.

Watakuja jamaa kukupa pole na watataka kuona. Usiwavutie mdomo wa chini kuwaonesha nyuzi! Vidonda vya kidevu vingi nilivyoviona vimefunguka vilivutwa hivyo, mara kwa mgeni, mara kwenye kioo.

Suala la udhu naulizwa kila mara. Siku ya kwanza usisukutue, kwani damu iliyoganda ndiyo kifuniko cha kidonda. Kuanzia siku ya pili tia nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye gilasi ya maji ya vuguvugu, uyazungushe taratibu kwa kugeuza kichwa, kisha uyaache yamwagike yenyewe. Aliyetolewa mfupa juu, nyuma ya magego, asipandishe maji puani wala asipenge kwa wiki mbili au muda atakaoambiwa. Chafya aiache itoke mdomo wazi. Kwa sisi wa madhehebu ya Shafi, kusukutua na kupandisha maji puani ni sunna, udhu unasihi bila yake. Mwenye wasiwasi amuulize sheikh wake, lakini pua asiiguse. Kusujudu nako huongeza damu usoni siku za mwanzo, na mgonjwa ana ruhusa ya kusali amekaa. Wazamiaji wa Nungwi na Makangale nawaambia wasirudi chini ya maji mpaka daktari awaruhusu, maana msukumo wa hewa hupasua kilichoanza kuziba.

Chakula: uji mwepesi uliopoa, bokoboko, supu ya boga iliyochujwa, samaki wa chukuchuku asiye na miba, viazi vya kuponda. Dafu kunywa kwa gilasi, bila ya mrija, na maji ya miwa pia, kwani kule kufyonza hung'oa damu iliyoganda. Urojo una ukwaju, pilipili na bajia za kukwaruza, uache mpaka kidonda kifunge. Pweza, mofa, muhogo wa kuchoma na kashata ngoja wiki 6 ikiwa ulitolewa pembe ya taya. Taya lililopunguzwa mfupa likivunjika huwa ni wakati wa kutafuna, wiki za mwanzo, mtu anapojiona amepona.

Ganzi: ipime, usiivumilie tu

Ganzi ya sindano huondoka baada ya saa chache. Ikifika asubuhi ya pili na mdomo bado umekufa, chukua pamba uisokote ncha, fumba macho, na mtu akuguse kidogo kidogo kutoka shavuni kuelekea kidevuni. Kila unapoacha kuhisi aweke nukta ya wanja. Unganisha nukta, piga picha kwa simu, andika tarehe. Rudia kila wiki, muda ule ule wa siku. Duara likipungua, hata kidogo, mshipa unarudi. Kuwashwa na kuchomachoma kama sisimizi mara nyingi ni dalili njema. Wengi hurudi ndani ya wiki au miezi michache. Wachache huchukua mwaka, na wapo wasiorudi kamwe. Sitaki mtu afichwe hilo.

Bi mkubwa mmoja wa Wete alinijia na lengelenge kwenye mdomo. Alikunywa chai ya moto na hakuhisi. Kwa hivyo pima joto la kinywaji kwa upande mzima au kwa kidole, na ujitazame kwenye kioo baada ya kula.

Ganzi ikiwa kamili, au ikifuatana na maumivu ya moto yasiyosikia dawa, mpigie aliyekupasua siku hiyo hiyo. Miezi 3 ikipita na duara halijasogea, omba upelekwe kwa bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya, maana mshipa unaohitaji kurekebishwa haungoji.

Usiku usiosubiri boti

Chini ya ulimi kukivimba, ulimi ukanyanyuka, sauti ikabadilika au mate yakawa hayamezeki, hiyo ni damu inayojikusanya sakafuni mwa kinywa na inaweza kuziba pumzi. Nenda hospitali ya karibu wakati huo huo. Ukiwa Pemba usingoje boti ya asubuhi wala kumtafuta aliyekupasua. Damu isiyosita baada ya kung'ata shashi mara mbili, nenda pia. Homa ya 38 na zaidi, usaha, au maumivu yanayopanda baada ya siku ya 3 badala ya kushuka, fika kliniki siku hiyo.

Jino lenyewe kwa kawaida huwekwa miezi 4 hadi 6 baadaye. Kabla hawajatoboa, waoneshe zile picha za wanja kwa mpangilio wa tarehe, na uwaambie ni jino gani la mbele bado halihisi baridi ya maji.