Kutafuta ukungu-ute katika udongo wa msitu wa mlimani

Wiki iliyopita nilikaa na mwanafunzi ambaye sahani zake za maabara zote kumi na mbili zilikuwa tupu. Udongo aliuchukua msitu wa Magamba, juu ya Lushoto, sahani akazitunza Tanga mjini, na kwenye daftari alishaandika kwamba ukungu-ute haumo. Nilimwomba afute mstari ule. Kosa lake nalijua, maana mimi lilinilia mwezi mzima.

Ukungu-ute wa seli si kuvu. Ni amiba, viumbe wa seli moja, wanaokula bakteria kwenye mboji. Chakula kikiisha, hukusanyika kwa maelfu na kujenga kikonyo chembamba chenye tone la spora (chembe za uzazi) kileleni. Njia ninayoifuata ni ile ya watafiti James Cavender na Kenneth Raper ya mwaka 1965. Cavender huyo huyo ndiye aliyechunguza udongo wa misitu ya Afrika Mashariki na kuchapisha matokeo mwaka 1969.

1. Udongo. Ondoa majani ya juu, chukua sentimita 5 za kwanza, gramu 30 hivi kila sehemu. Usiuanike. Andika mwinuko, kwani idadi ya spishi kwa kawaida hupungua kadiri unavyopanda mlima.

2. Agari, yaani jeli ya mwani ya kuoteshea vijidudu. Chemsha gramu 10 za nyasi kavu katika lita 1 ya maji kwa nusu saa, chuja, rudishia maji yafike lita, tia chumvi mbili za fosfati, KH₂PO₄ gramu 1.5, Na₂HPO₄·7H₂O gramu 0.62 na agari gramu 15. Sufuria ya presha inatosha kuua vijidudu. Usikubali kuuziwa agari yenye virutubisho vingi: ukungu wa kawaida utafunika sahani kabla amiba hawajaamka.

3. Kuzimua. Gramu 10 za udongo kwenye mililita 90 za maji safi, tikisa. Chota mililita 5, ongeza mililita 7.5 za maji safi. Mimina mililita 0.5 kwenye sahani pamoja na mililita 0.4 za maji mazito ya bakteria (E. coli ya maabara isiyo na madhara). Acha maji yanywewe.

4. Ubaridi. Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo mwanafunzi wangu alipokosea. Amiba hawa wanataka nyuzi 20 hadi 23. Chumba cha Tanga mwezi wa Februari kinapita 30, na kwenye joto hilo bakteria watastawi vizuri tu huku wewe ukisubiri kitu kisichokuja. Friji nayo haifai, ni baridi mno.

Kama huna kabati la kudhibiti joto, tumia kisanduku cha barafu cha wauza samaki. Weka chupa mbili za maji yaliyoganda, badilisha asubuhi na jioni, na kipimajoto kikae ndani, si juu ya mfuniko. Chupa zisiguse sahani. Zangu ziligusa, mvuke ukaganda chini ya vifuniko, matone yakadondoka na kuchanganya makoloni (makundi ya amiba) yote, nikaanza upya. Chupa zifungie gazeti. Mchana fungua kisanduku kipate mwanga hafifu kutoka juu. Mwanga wa upande mmoja huwavuta wote waelekee huko na hutajua nani ametoka wapi.

Lakini ushauri wangu wa dhati ni huu: fanyia kazi huko huko Lushoto, kwenye ubaridi wa mlimani. Chumba cha kawaida chenye meza safi kinashinda maabara ya pwani yenye feni.

5. Kutazama. Kuanzia siku ya nne, kila siku, kwa hadubini ya kukuza kidogo. Utaona kwanza mikondo: vijito vyeupe vinavyojikusanya kutoka pande zote hadi kituo kimoja, kama mito ya mlimani inavyoingia bondeni. Weka alama chini ya sahani siku hiyo hiyo. Kila sahani ina gramu 0.02 za udongo, kwa hiyo zidisha makoloni kwa 50 upate idadi kwa gramu.

Spishi utazitambua hivi. Kikonyo chenye matawi yaliyojipanga kama pete, spora za zambarau: Polysphondylium violaceum. Kikonyo kimoja, tone jeupe: huenda ni Dictyostelium mucoroides. Tone la zambarau iliyoiva hadi karibu nyeusi: D. purpureum. Kwa kuhamisha kwenye sahani mpya, gusa tone tu kwa sindano iliyopitishwa motoni ikapoa. Ukigusa agari unabeba na jirani yake.

Mwanafunzi wangu alirudia kwa udongo uliobaki. Siku ya sita alinipigia simu saa mbili usiku: mkondo wa kwanza ulikuwa unatembea mbele ya macho yake.