Taya linavimba kila ukianza kula?
Wadau wa Dodoma, kiangazi hiki na upepo wake, ukiona chini ya taya panavimba na kuuma kila ukianza kula afu baadae panashuka penyewe usikimbilie kung'oa jino, inaweza ikawa kijiwe kimeziba njia ya mate, vingi hukaa kwenye tezi ya hapohapo chini ya taya. Kunywa maji ya kutosha, mumunya ubuyu au ndimu mate yatoke, kanda na kitambaa cha maji ya moto huku unasukuma taratibu kuja mbele. Dawa nyingi za aleji nazo zinakausha mate, hii wengi hawaijui. Ila ukipata homa au usaha mdomoni wahi hospitali, na uvimbe usiouma ambao haushuki kabisa usiupuuzie, kapime.