Kabla ya Kununua Jiko la Presha la Umeme, Lipime kwa Maharage na Pilau

Wauzaji wa jiko la presha la umeme hunadi kwamba chombo hicho kimoja kitachemsha maharage, kitapika wali, kitakaanga, kitaoka keki na hata kugandisha mtindi. Kabla hujatoa fedha ambazo zingekununulia masufuria mazito kadhaa, jiulize ni kazi ipi ya jikoni inayokushinda, na kama inakushinda kwa kukosa muda au kwa kukosa ujuzi.

Kwenye maharage jiko hili linastahili bei yake. Mvuke uliofungiwa hupandisha joto la maji kupita nyuzi 100, hivyo maharage yaliyolowekwa usiku kucha, ambayo juu ya mkaa huweza kuchukua saa moja na nusu au zaidi, huiva kwa takriban nusu saa bila mtu kuyasimamia. Usiyapike maharage mekundu kwa kitufe cha kupika polepole, kwa sababu yana sumu ya asili ambayo joto dogo haliiondoi: yaloweke saa 5 au zaidi, mwaga maji hayo, kisha yatokose kwa maji mapya si chini ya dakika 10 ndipo uendelee.

Pilau ndiyo mtihani wenyewe. Rangi yake hutokana na vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa kahawia, na kitunguu hakigeuki rangi maadamu bado kinatoa maji. Chungu cha jiko hili ni kirefu na chembamba. Ukivijaza vitunguu vyote kwa pamoja vitajichemsha, na pilau itatoka nyeupe kama wali wa mgonjwa. Vikaange kwa mafungu, au tumia kikaango kipana kwenye jiko la kawaida kisha uhamishe. Vitunguu saumu na tangawizi vitwange kwenye kinu, kwa kuwa kiasi kidogo hivyo hakisagiki kwenye blenda mpaka utie maji, na maji hayo huchelewesha ukaangaji.

Sufuria ya kawaida hupoteza mvuke, kwa hiyo wengi hutia vikombe viwili vya maji kwa kimoja cha mchele. Chungu kilichofungwa hakipotezi, basi anza na kikombe kimoja na robo, ukikumbuka kwamba mchele mpya hunywa maji machache kuliko wa zamani. Mimi nilipuuza hesabu hiyo mara ya kwanza, nikapakua uji. Katika mchuzi wa nazi, tui jepesi laweza kutangulia, lakini tui zito litie presha ikishatoka, huku ukikoroga, lisije likakatika.

Asiye na kisu kikali na kinoo, sufuria yenye kitako kizito na mfuniko unaokaa sawasawa, kikaango, kinu na mbuzi ya nazi, avinunue hivyo kwanza. Aliye navyo aandike kwa mwezi mmoja kila anachopika: makande, supu ya makongoro na maharage vikijirudia kila wiki, jiko litalipa gharama yake, ikiwa ni chapati, mchicha na samaki wa kukaanga, litakaa kabatini.

Ukiamua kununua, muulize muuzaji kama anauza mpira wa mfuniko peke yake, maana huo huchakaa mapema na bila huo jiko halishiki presha.