Kabla ya kuipindua bodi ya gari la kale

Mwenye kutengeneza gari la kale hapa Unguja, ambako chumvi ya bahari hulila bati kuanzia chini, atapata nafuu kubwa akiitundika bodi kwenye fremu ya kuzungushia, yaani kiunzi cha chuma kinachoishika mbele na nyuma ili igeuzwe ubavu au juu chini, kwa sababu sakafu ataichomelea na kuipiga rangi akiwa amesimama, badala ya kulala chini ya gari huku cheche zikimwangukia usoni.

Kwa gari kama Morris Minor, ambalo bodi na chesisi ni kitu kimoja, vyuma vya kukaza vichomelewe kwenye uwazi wa milango kabla ya kukatwa bati lolote lililooza. Kila uwazi upimwe kutoka pembe hadi pembe, na vipimo viandikwe ukutani, maana karatasi za gereji hazikai. Vikibadilika baada ya bodi kutundikwa, imepinda, na mlango hautafunga tena sawasawa.

Injini, vioo na tangi la petroli vitolewe kwanza. Fremu hufungwa kwenye matundu ya boliti za bampa, mradi chuma cha hapo ni kizima.

Linalopuuzwa mno ni mizani. Mhimili wa fremu, ambao bodi huuzungukia, ukiwa chini ya kitovu cha uzito, bodi itajipindua yenyewe kwa kishindo. Ukiwa juu mno, itakuwa nzito kuigeuza na itarudi ilikotoka. Watu wawili waizungushe kidogo kidogo, wakirekebisha kimo cha mikono ya fremu hadi bodi itulie katika pembe yoyote, na hata hapo asiingie mtu chini yake kabla pini ya kufungia haijatiwa.