Laini ya Nyumbani Usiiache Ife: Kupata Huduma za Serikali Mtandao Ukiwa Ughaibuni

Ukienda likizo nyumbani mwaka huu, kabla ya harusi na kabla ya kuwazungukia mashangazi, pita kwanza kwenye duka la kampuni yako ya simu. Hakikisha laini imesajiliwa kwa jina lako na kwa vidole vyako mwenyewe, kisha waambie waiwezeshe kufanya kazi nje ya nchi. Nimeanza na laini badala ya pasipoti kwa sababu siku hizi mifumo mingi ya serikali, Tanzania na Kenya, haikufungulii mpaka uingize namba ya siri iliyotumwa kwenye simu. Laini ikifa, umefungiwa nje.

Kwa Watanzania jambo hili ni zito zaidi. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na kuanzia Januari 2020 zile ambazo hazijasajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Kidole hakitumwi kwa WhatsApp. Mdogo wako akikuchukulia laini kwa kidole chake, laini hiyo ni yake, hata kama vocha unanunua wewe. Tena laini isiyotumika kwa miezi kadhaa kampuni huweza kuifunga na kumuuzia mtu mwingine namba ile ile. Weka salio kidogo, na kila mwezi tuma japo ujumbe mmoja wa kumjulia hali mama.

Haya niliyajua kwa maumivu. Kabla sijasafiri, kijana wa saibakafe alinifungulia akaunti ya huduma ya serikali, akajaza namba yake ya simu na barua pepe aliyoitunga pale pale, ili mambo yaende haraka. Nia yake ilikuwa njema. Miaka 3 baadaye, niko huku Uingereza nahitaji hati moja ya haraka, mfumo unatuma namba ya siri kwa mtu ambaye alishahama mji. Nilisubiri mpaka safari iliyofuata nikaenda kusimama mwenyewe dirishani. Kwa hiyo akaunti fungua kwa mkono wako, na utumie barua pepe utakayokuwa nayo hata baada ya miaka 10. Ya chuo au ya kazini isitumike kabisa, maana ukimaliza masomo au ukiacha kazi inafungwa.

Kuna kazi unazoweza kumpa ndugu bila hofu, na malipo ni mojawapo. Tanzania, mfumo wa serikali hukupa kumbukumbu namba ya malipo inayoanza na 99. Namba hiyo imefungamanishwa na ankara yako, kwa hiyo yeyote anaweza kuilipia kwa simu au benki, na fedha zinakwenda serikalini. Mwambie kaka alipe, akutumie risiti. Kabla hajathibitisha, asome jina la taasisi linalojitokeza. Mtu akisema tuma kwenye namba yake binafsi kisha yeye atalipa, kataa, hata kama anasema yuko ofisini. Na nywila na namba za siri usimpe mtu, awe ndugu wa damu.

Suala linalowakwamisha wengi, na ambalo watu hawalioni mpaka siku ya shida, ni majina. Zamani karani akiona cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mwanaid na shahada ya shule Mwanaidi, alikuwa anaelewa ni mtu yule yule. Mfumo hauelewi. Tanzania, namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, yenye tarakimu 20 ndiyo inayobeba taarifa zako, na taasisi nyingine zinazisoma kutoka huko. Herufi moja ikipishana, au jina la mume likiwa kwenye pasipoti tu, ombi linarudi. Kaa chini jioni moja, tandaza mezani kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa na pasipoti, linganisha jina kwa jina na tarehe kwa tarehe. Penye tofauti, anza kurekebisha sasa, wakati huna haraka. Mabadiliko ya jina yanahitaji kiapo cha kisheria, na marekebisho ya cheti cha kuzaliwa yanapitia RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo.

Pasipoti ya kielektroniki, iliyoanza Kenya 2017 na Tanzania 2018, huombwa mtandaoni, lakini vidole na picha vinakutaka wewe mwenyewe. Si kila ubalozi una mashine hizo muda wote. Piga simu ubalozini kwanza, ndipo ununue tiketi ya treni. Usingoje pia tarehe ya mwisho iliyoandikwa ndani, kwani nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na miezi 6 mbele.

Wakenya, nyinyi mlango wenu mkubwa wa huduma za serikali mtandaoni ni eCitizen, ulioanza 2014, na malipo yake yamekusanywa kwenye namba moja ya kulipia kwa simu, Paybill 222222. Ni urahisi mkubwa, ila una upande wa pili: mwishoni mwa Julai 2023 mfumo ulishambuliwa na huduma nyingi zikayumba kwa siku kadhaa. Aliyeacha shughuli yake hadi siku ya mwisho alikwama. Hasa ritani ya kodi ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya: mwenye PIN, yaani namba ya mlipakodi, anayetakiwa kuwasilisha, hata kama hana mapato ya kuonyesha, mwisho wake ni 30 Juni, na mtu binafsi akichelewa faini huanzia shilingi 2,000. Fanya Februari, upumue.

Wenye wenza au watoto wa pasipoti za kigeni, chunga sana mnapoomba ruhusa za kuingia nchini. Ukitafuta kwa Google, tovuti za kwanza mara nyingi ni za mawakala binafsi wanaotoza zaidi, na zimepambwa bendera mpaka utadhani ni serikali. Soma anwani yenyewe: ya Kenya iishie .go.ke, ya Tanzania .go.tz. Isipoishia hivyo, usiweke namba ya kadi yako.

Mtandao ukigoma kabisa, simu bado inasaidia. Ofisi za serikali Tanzania hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri. Kwa aliye London wakati wa baridi, saa 9:30 ya Dar es Salaam ni saa 6:30 mchana kwake, kwa hiyo ukingoja mapumziko ya chakula umeshachelewa. Aliye Toronto au New York hana budi kupiga usiku au asubuhi na mapema. Weka saa ya kengele, andika namba ya ombi lako kwenye karatasi, na uliza jina la anayekuhudumia kabla simu haijakatika.